Uzi: Darubini ijayo ya eksirei kali ibaki juu ya ikweta yetu, au ipelekwe kilomita milioni 1.5 kutoka hapa?

#1 Mwalimu_Kayabwe

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome nusu leo na nusu kesho.

Darubini ya IXPE, inayochunguza eksirei kutoka kwenye mashimo meusi na nyota za nutroni, hupita juu ya Kayabwe, hapa Uganda kwenye ikweta, kila baada ya saa moja na dakika arobaini na kitu. Kimo chake ni kilomita 600 hivi, na njia yake imelala juu ya ikweta kiasi kwamba mwinamo, yaani pembe kati ya njia na ikweta, haufiki hata nyuzi moja. Watu wanapiga picha kwenye lile duara jeupe kando ya barabara ya Masaka, na mtambo unapita utosini mwao bila mtu kujua. Dakika mbili na kidogo baadaye uko kwenye anga ya pwani ya Kenya, na antena ya Malindi ndiyo huipokea data yake. NuSTAR, darubini nyingine ya eksirei, iliyorushwa Juni 2012, ina mwinamo wa nyuzi 6. Kwa hiyo Uganda nzima, Kabale hadi Moyo, imo ndani ya ukanda wake.

Hili halikutokea tu. Setilaiti ya kwanza kabisa ya eksirei za angani, Uhuru, iliondoka 12 Desemba 1970 kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikarushwa na Waitaliano kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru, ndipo jina likatoka. Mwinamo: nyuzi 3. Iliacha orodha ya vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Sababu ya kung'ang'ania ikweta ni kelele. Dunia imezungukwa na mikanda ya protoni na elektroni, na juu ya Brazili na Atlantiki ya kusini mkanda wa ndani umeshuka chini sana. Kila setilaiti inayokatiza pale hupigwa na protoni. Kigunduzi hakina macho ya kutofautisha: protoni ikigonga, au ikiamsha mionzi ndani ya chuma cha setilaiti yenyewe, nayo huandikwa kana kwamba ni eksirei. Ukikaa juu ya ikweta unaligusa eneo hilo pembeni tu. Halafu hapa kwetu ugasumaku wa Dunia hufukuza miale ya anga za mbali kuliko sehemu nyingine yoyote ya dunia.

Sasa wabunifu wa kizazi kijacho wanataka kuhama. Mradi wa HEX-P, uliobuniwa kuwa mrithi wa NuSTAR, uliwekwa kwenye makaratasi ukae L1, nukta iliyo kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani kuelekea Jua. NewAthena ya Ulaya, inayotarajiwa 2037, imepangiwa hukohuko. Mimi nasema wako sahihi kuhama, na kilichowapa ruhusa ya kuhama ni kioo. Nitafafanua, ila nataka kwanza nisikie wanaopinga.

#2 Mzee_wa_Arua

Mwalimu, eksirei mimi naijua ya hospitali. Huko juu nani amevunjika mguu?

#3 Dada_Radiolojia

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako la utani limegusa penyewe. Mimi ndiyo kazi yangu, niko Kampala. Mashine ya kifua naiweka volti 110,000 hadi 120,000, ya meno 60,000 au 70,000. Sasa NuSTAR inaona eksirei za keV 3 hadi 79, na keV moja ni nishati ambayo elektroni huipata kwa volti 1,000. Kwa maneno mengine miale anayoitafuta Mwalimu ni ndugu wa ile ninayompigia mgonjwa wa jino. Ndiyo maana inapenya: nyama haiizuii, na mawingu mazito ya gesi yaliyofunika shimo jeusi nayo hayaizuii.

Lakini ssebo Mwalimu, sisi wodini hatuna lenzi. Picha yote ni kivuli. Nikitaka kivuli kikali namsogeza mgonjwa agusane na kaseti inayopokea picha. Nyota utaisogezaje?

#4 Mwalimu_Kayabwe

Nnyabo, umeniandalia somo.

Njia ya kwanza ni hiyohiyo yako ya kivuli. Unaweka sahani ya risasi yenye matundu mbele ya kigunduzi, nyota inatupa kivuli cha matundu, kompyuta inakokotoa nyota iko upande gani. Swift (2004) hutumia njia hiyo kwenye kamera yake ya BAT, na INTEGRAL ya Ulaya iliitumia tangu Oktoba 2002 hadi kazi yake ya sayansi iliposimamishwa 28 Februari 2025. Ubaya wake: kigunduzi lazima kiwe kipana kama dari, na kelele ya dari yote inaingia kwenye hesabu ya kila nyota, hata ile dhaifu kabisa.

Njia ya pili ni kioo. Eksirei ukiielekeza kwenye kioo uso kwa uso inapenya au inamezwa. Ikija kwa kuparaza, kwa pembe ndogo sana, inateleza na kugeuka. Hans Wolter, Mjerumani, alionyesha mwaka 1952 kwamba ukiunganisha kioo chenye umbo la parabola na kingine cha haipabola, miale ikaparaza mara mbili, unapata picha safi. Chandra (1999) ni ya namna hiyo, na ukali wake wa nusu sekunde ya tao (nyuzi moja ina sekunde za tao 3,600) haujafikiwa na darubini nyingine yoyote ya eksirei.

Tatizo: pembe hiyo inapungua kadiri nishati inavyopanda. Kwa platini, kwenye keV 10 ni chini kidogo ya nusu nyuzi. Kwenye keV 80 imegawanywa kwa nane. Kioo kinachotazamwa kwa pembe hiyo kina uso mwembamba kama uzi, mwanga unaoingia ni kiduchu. Dawa ni kuvipachika vioo vingi kimoja ndani ya kingine, kama sufuria za dukani zilizopangwa kwa ukubwa, ila hizi hazina matako. XMM-Newton ina 58 kwenye kila moduli. NuSTAR ina 133 kwenye kila moja ya darubini zake mbili, za glasi yenye unene wa milimita 0.2.

Na hapa ndipo urefu unapoingia. Nusu kipenyo cha kioo ni sawa na pembe mara nne mara umbali wa fokasi, yaani kutoka kioo hadi kigunduzi:

r = 4 × α × f

Kioo cha nje kabisa cha NuSTAR kina α ya miliradiani 4.7 (nyuzi 0.27), f ni mita 10.14. Zidisha. Unapata sentimita 19. Ukitaka kioo kipana kwa pembe ileile, huna njia nyingine ila kurefusha f.

#5 S6_Masaka

Mwalimu, samahani. Umesema kwenye keV 80 pembe imegawanywa kwa nane, yaani karibu miliradiani 1 tu. Lakini NuSTAR inatumia hadi 4.7. Inakuwaje ifike keV 79?

#6 Mwalimu_Kayabwe

Mwanangu, ukiendelea hivi UNEB, wale wa mitihani, watakuogopa wao.

Kioo cha NuSTAR hakina uso mmoja. Kimepakwa tabaka nyingi zinazopishana: platini na kaboni kwenye vioo vya ndani, tangsteni na silikoni kwenye vya nje. Kila mpaka wa tabaka unarudisha kidogo, na vile vidogo vikikutana kwa mwendo mmoja vinajumlishana, ile kanuni ya Bragg unayoijua kwenye fuwele. Unene wa tabaka haulingani: zimepangwa kutoka nene hadi nyembamba ili kila nishati ikute tabaka linaloifaa.

Kwa nini ukomo ni keV 79? Platini yenyewe. Elektroni zake za ndani kabisa hung'olewa na eksirei ya keV 78.4, na ukivuka hapo kioo kinaanza kumeza badala ya kurudisha. Tangsteni huanza mapema zaidi, keV 69.5. Anayetaka kwenda juu ya hapo kwa vioo atafute jozi nyingine ya metali, au aachane na vioo aende kwenye lenzi za Laue, ambazo miale hupita ndani ya fuwele zenyewe. Hizo ni za nishati ya zaidi ya keV 100 na sitaziingiza hapa.

Nataja tu kwamba ukomo huo unauma. Titani-44, inayotengenezwa nyota inapolipuka na ambayo nusu yake huisha kwa miaka 60 hivi, hutoa mistari miwili: keV 67.9 na keV 78.4. Huo wa pili umeangukia palepale penye ukuta wa platini. Ramani ya titani ya mabaki ya Cassiopeia A iliyotolewa na NuSTAR mwaka 2014 ilitegemea zaidi mstari wa kwanza. Ramani ilionyesha titani imetapakaa upande mmoja zaidi ya mwingine, yaani nyota haikulipuka kama mpira ulio sawa pande zote. Kwa nadharia ya milipuko hilo ni jambo kubwa.

#7 Ngomeni_Kijana

Sisi wa pwani tumewasoma kimya. Hoja yangu ni ya kitaifa kidogo, mnisamehe.

IXPE ilirushwa Desemba 2021 kutoka Florida, nyuzi 28.5 kaskazini. Ili kuilaza juu ya ikweta walilazimika kuigeuza njia huko juu. Mtambo wenye uzito wa kilo mia tatu na kitu, roketi nzima ya Falcon 9! NuSTAR wao walikuwa wajanja: waliipeleka Kwajalein kwenye visiwa vya Marshall, roketi ya Pegasus ikadondoshwa kutoka kwenye ndege. San Marco ilikuwa nyuzi 3 tu kutoka ikweta na haijarusha kitu tangu 1988. Turudishe jukwaa, darubini zibaki hapa, kila mtu afaidi. Mnataka L1 ya nini?

#8 Injinia_Mukono

Ngomeni, nakuunga mkono moyoni lakini hesabu haikuungi.

Kugeuza njia kwa nyuzi 28.5 ukiwa obiti ya chini kunagharimu kilomita 3.7 za mwendo kwa sekunde. Kutoka obiti hiyohiyo hadi L1 ni kilomita 3.2 hivi. Umesoma vizuri: ukirushia Florida, kwenda kilomita milioni 1.5 ni nafuu kuliko kulala juu ya Kayabwe. Watu wengi hawaamini hadi wakokotoe wenyewe.

Ukirushia karibu na ikweta hesabu inageuka, hilo kweli. Lakini Wazungu tayari wana Kourou kule Guyana ya Ufaransa, nyuzi 5, yenye roketi kubwa. Scout iliyorusha Uhuru ilikuwa ya setilaiti ndogondogo. Kioo cha mita 20 za fokasi, kama cha HEX-P, hakiwezi kubebwa na kitu cha ukubwa huo.

#9 Ngomeni_Kijana

Injinia umenivunja mbavu na moyo pamoja. Basi antena tu ibaki?

#10 Injinia_Mukono

Antena nayo inategemea. Setilaiti ya kilomita 600 unaiona dakika kumi hivi ikipita, inamwaga data inaondoka, sahani ya wastani inatosha. Ya L1 iko juu ya upeo wako saa nyingi kila siku ila ishara imefifia mno, unataka sahani kubwa zaidi. Malindi ingeweza, wakiamua kujenga.

#11 Mzee_wa_Arua

Nimewafuata hadi hapa, si haba. Lakini huo urefu wa mita 20 mnaupakia kwenye roketi gani? Na kama unakunjwa, nani atapanda huko ukikwama? Wajapani niliwasikia mambo yao.

#12 Injinia_Mukono

Mzee hofu yako ina msingi. Hitomi ya Japani ilirushwa Februari 2016 ikiwa na darubini ya eksirei kali yenye fokasi ya mita 12 na fremu inayorefuka. Fremu ilifunguka salama. Kilichoiua ni mfumo wa kudhibiti mwelekeo: setilaiti ilijidanganya kwamba inazunguka, ikajisahihisha kwa upande usio, ikazunguka kweli hadi vipande vikakatika. Haikumaliza hata miezi miwili. Mrithi wake, XRISM ya 2023, anafanya kazi nzuri lakini kifuniko cha kigunduzi chake kikuu kiligoma kufunguka, hivyo haoni vizuri chini ya keV 1.7. Kifuniko! Mambo ya mita 20 hayajaanza.

Mlingoti wa NuSTAR, unaotenganisha vioo na vigunduzi, ulikuwa na vyumba 56 vilivyokunjwa ndani ya kopo, ukafunguka wiki moja baada ya kurushwa bila tatizo. Ninachokipenda zaidi kwenye mtambo ule ni kwamba hawakujaribu kuuzuia mlingoti usipinde. Kila mzunguko ni mchana na usiku, chuma kinapata joto na kupoa, ncha inacheza. Wakaweka leza mbili upande wa vioo na vipokezi upande wa vigunduzi, wanapima mchezo wenyewe na kuuondoa kwenye picha baadaye. Hiyo ndiyo injinia ninayoiheshimu.

Ila mlingoti ulio wazi una dhambi yake. Katikati hakuna bomba. Mwanga wa nyota kali iliyo pembeni, nyuzi moja hadi nne kutoka unakotazama, unaingia moja kwa moja kwenye kigunduzi bila kugusa kioo na kuchafua picha. Anayebuni mpya aanzie hapo, azibe huo mlango. Mimi ningelipa kilo za ziada kwa ajili ya hilo kabla ya kulipia chochote kingine.

#13 S6_Masaka

Injinia, kwa nini wasitumie setilaiti mbili, moja vioo, nyingine kigunduzi? Mlingoti wa nini?

#14 Injinia_Mukono

Wafaransa na Waitaliano walitaka hivyohivyo. Mradi uliitwa Simbol-X, fokasi mita 20, setilaiti mbili zinaruka sambamba. Ulisimamishwa 2009 kabla ya kujengwa. Wakati ule hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba mitambo miwili inaweza kushikana hewani kwa usahihi huo. Sasa Proba-3 ya Ulaya, iliyorushwa kutoka Sriharikota, India, Desemba 2024, inaruka sambamba kwa umbali wa mita 150 ili mmoja umkingie mwingine Jua. Kwa hiyo wazo limefufuka.

#15 Mwalimu_Kayabwe

Sasa nieleze kwa nini nasema kioo ndicho kilichotoa ruhusa ya kuhama.

Kelele ya kigunduzi hutapakaa sawasawa kama vumbi kwenye meza. Nyota inayotazamwa huangukia doa dogo tu. Kwa hiyo kelele inayokusumbua ni ile iliyo chini ya doa hilo, si ya kigunduzi kizima. Doa likipungua, kelele inapungua nalo, hata kama setilaiti iko mahali pabaya.

Ukungu wa NuSTAR, yaani duara linalobeba nusu ya mwanga wa nyota, ni sekunde za tao 58. Kwenye fokasi ya mita 10.14 duara hilo lina upana wa milimita 2.85. Eneo lake ni milimita za mraba 6.4.

Tuseme mnabuni darubini ya mita 20 yenye vioo vikali zaidi, ukungu sekunde 15. Doa ni milimita 1.45. Eneo ni milimita za mraba 1.7.

Tazameni kilichotokea. Tumerefusha fokasi karibu mara mbili, kwa hiyo kwa pembe zilezile nusu kipenyo cha vioo kimekuwa mara mbili na eneo la kukusanya mwanga karibu mara nne. Kurefusha fokasi peke yake kungelitanua doa nalo mara nne na tungeingiza kelele mara nne. Lakini ukali wa kioo umelikunja doa hadi karibu robo ya lile la NuSTAR. Mwanga mara nne, kelele robo. Kwa chanzo dhaifu kinachozama kwenye kelele, uwezo wa kukitofautisha unapanda kama mwanga gawanya kwa kipeuo cha pili cha kelele: nne gawanya kwa nusu. Nane.

Ndiyo nikasema. Nane hiyo ni akiba. Unaweza kuitumia kulipia gharama ya kukaa mahali penye kelele zaidi.

#16 Dada_Radiolojia

Subiri hapo Mwalimu. Nane ni kama kelele kwa kila milimita ya mraba imebaki ileile. Huko L1 hakuna ugasumaku wa kutukinga, miale ya anga inaingia yote. Na Jua likichafuka?

#17 Mwalimu_Kayabwe

Sawa, tuikuze. Hata kelele ya L1 ingekuwa mara nne ya hapa, robo yetu inarudi kuwa moja. Bado mwanga ni mara nne, na faida ni nne.

Halafu ongeza hili: darubini ya obiti ya chini, Dunia huiziba karibu nusu ya muda wote. Kila saa na nusu nyota inachwa, unasubiri, inachomoza tena. Kwa kitu kinachobadilika kwa saa kadhaa, kama gesi inayozunguka karibu na shimo jeusi, picha yako ina matundu kila mahali. L1 unaikodolea macho siku nzima bila kupepesa. Muda mara mbili ni faida nyingine ya mara 1.4 hivi. Na joto halipandi na kushuka, kwa hiyo hata mlingoti wa Injinia unatulia.

Kuhusu Jua, hapo uko sahihi na sina jibu la kukuridhisha zaidi ya ngao na sumaku za kufukuza protoni laini zinazoteleza kwenye vioo. XMM-Newton na Chandra, ambazo njia zao huenda mbali sana, zimepoteza muda mwingi kwa dhoruba za protoni. Kuna siku utafunga duka tu.

#18 Dada_Radiolojia

Hilo la kufunga duka nimelielewa, sisi umeme ukikatika tunafunga pia.

Lakini vioo vya sekunde 15 vinatoka wapi? Glasi ya milimita 0.2 ikishikwa tu inapinda.

#19 Mwalimu_Kayabwe

Ndicho kiini. Glasi ya NuSTAR ililainishwa kwa joto juu ya ukungu wa kuumbia hadi ikachukua umbo, ndiyo maana haikunyooka sana. Kuna njia mbili mpya. Moja ni ya Goddard, kituo cha NASA kule Marekani: wanachonga vioo kutoka kwenye bonge moja la silikoni la fuwele moja. Fuwele moja haina msongo wa ndani, ukiikata nyembamba inabaki na umbo ulilolipa. Nyingine ni ya Ulaya kwa ajili ya NewAthena: wanachukua sahani za silikoni zilezile za viwanda vya chipu, wanazichonga mifereji na kuzibandika moja juu ya nyingine hadi zinakuwa jiwe lenye vitundu. Ni nyepesi mno. Kwa maoni yangu ya Goddard inafaa zaidi kwa eksirei kali, kwa sababu uso wake unapokea zile tabaka za metali bila kuleta ubishi.

#20 Mzee_wa_Arua

Na hiyo HEX-P inaruka lini?

#21 Mwalimu_Kayabwe

Hairuki, mzee, angalau si kwa mlango ule. Oktoba 2024 NASA ilichagua mapendekezo mawili ya kuendelea kuchunguzwa, AXIS ya eksirei na PRIMA ya infraredi. Mpango ulikuwa moja lichaguliwe 2026, kikomo cha gharama dola bilioni moja, kurushwa 2032. HEX-P haikuwamo.

AXIS ikijengwa itakuwa darubini nzuri sana lakini inaishia keV 10. NewAthena, keV 12. ART-XC ya Warusi, iliyorushwa 2019, inafika 30. Juu ya hapo tunamtegemea NuSTAR, mtambo wa kilo 350 uliopangiwa miaka miwili na ambao umeshafanya kazi zaidi ya mara tano ya muda huo. Siku utakapozima, mashimo meusi yaliyozikwa kwenye gesi nzito yatarudi gizani. Na ndiyo yanayotuhusu: mwanga wa jumla wa eksirei unaojaa anga umefikia kilele kati ya keV 20 na 30, na sehemu kubwa ya vyanzo vyake bado hatujavitenga kimoja kimoja.

Kuna mfano nisiochoka kuurudia. Kwenye galaksi ya M82 kulikuwa na chanzo kikali mno, watu wakakihesabu ni shimo jeusi. Mwaka 2014 NuSTAR ikakiona kinapiga mapigo, moja kila sekunde 1.37. Shimo jeusi halina mapigo. Ni nyota ya nutroni inayong'aa kupita kiasi kilichodhaniwa kinawezekana.

#22 Ngomeni_Kijana

Sawa, wakubwa wametuangusha. Sisi Afrika Mashariki tufanye nini, tukae tukihesabu inapita mara ngapi?

#23 Injinia_Mukono

Setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2022. Ni mchemraba wa sentimita kumi kila upande. Sasa sikia. Waslovakia, Wahungaria na Wacheki walikuwa na mchemraba wa ukubwa huohuo, GRBAlpha, uliorushwa Machi 2021. Ndani wameweka fuwele ya seziamu iodidi na vihisi mwanga. Tarehe 9 Oktoba 2022 ulipotokea mlipuko wa miale ya gama mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, vigunduzi vya setilaiti kubwa vilizidiwa. Kale kamche kalipima kilele chake bila kuzidiwa, kwa sababu kalikuwa kadogo.

Hakatoi picha. Kanahesabu tu. Lakini kuhesabu huko ni sayansi, na watu waliojenga PearlAfricaSat-1 wanaweza kukajenga. Kituo cha ardhini tunacho Mpoma. Fuwele inanunuliwa. Ikweta yetu, yenye kelele ndogo, ndiyo mahali pake hasa.

#24 Mwalimu_Kayabwe

Na kwa asiye na setilaiti: data za NuSTAR huwekwa wazi kwa dunia nzima, programu ya kuzichambua ni ya bure, na NASA wana huduma ya kuichambulia kwenye kompyuta zao kupitia kivinjari, hivyo huhitaji kupakua mafaili kwa bando la simu. Vijana wa fizikia wa Mbarara, Makerere na Kyambogo wasiseme hawakuambiwa.

#25 S6_Masaka

Mwalimu, Injinia, nimekokotoa jambo. Kama ukungu ni sekunde 15, nataka mchezo wa mlingoti niujue kwa usahihi wa sekunde 2 hivi ili usinichafulie picha. Kwa mita 20 nimepata milimita 0.19. Ni unene wa ile glasi ya NuSTAR! Halafu nikajaribu mita 150 za Proba-3. Nimepata milimita 1.45. Kumbe kadiri setilaiti zinavyoachana ndivyo inavyokuwa rahisi?

#26 Injinia_Mukono

Rahisi kwa upande huo, ndiyo. Proba-3 inalenga usahihi wa milimita, kwa hiyo ungetosheka. Lakini rudi kwenye doa la Mwalimu: sekunde 15 kwa mita 150 ni milimita 11. Eneo lake ni mara 56 ya lile la mita 20, na kelele ni mara 56. Sasa tafuta unahitaji kioo cha sekunde ngapi ili doa lirudi milimita 1.45, kisha uniambie kama kuna mtu duniani amewahi kukitengeneza.

#27 S6_Masaka

Sekunde 2. Chandra ina nusu, lakini ni ya eksirei laini, za nishati ndogo.

#28 Injinia_Mukono

Na vioo vyake ni vinne tu, vinene, vizito. Endelea kutoka hapo.